Wimbo wa Spika Iliyozimwa

Najat alikuwa jikoni anamenya viazi aliposikia mumewe, chumba cha pili, akisema "Allah" kwa sauti ya chini. Kisha akasema tena, kama mtu aliyepewa maji baada ya kiu kubwa. Najat alidhani imekuja habari ya msiba kutoka kwao Unguja. Akafuta mikono, akaenda kumtazama. Vuai alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye marobota ya nguo za watu yaliyosubiri kusafirishwa, macho yamelowa, na mbele yake ile spika kubwa nyeusi aliyoitunza kuliko viatu vyake.

"Kuna nini, Vuai? Nani kafa?"

"Nyamaza usikilize."

Najat akasikiliza. Kilichosikika ni feni, na chini kabisa honi za magari ya barabara ya Huanshi Zhonglu, mjini Guangzhou. Akainama kuitazama spika. Ilikuwa imezimwa. Waya wake ulikuwa umezungushwa na kufungwa kwa mpira, vilevile kama alivyoufunga yeye mwenyewe asubuhi alipokuwa akifagia. Na mle chumbani palikuwa na harufu ya asumini, si zile za kutia kichwani, bali zile zilizosahauliwa kwenye bakuli la maji mpaka zikavunda.

"Mimi sisikii kitu," akasema.

Vuai alimtazama kwa huruma iliyochanganyika na karaha. "Wewe lini ulisikia?"

Hilo halikumuumiza sana Najat, kwa sababu alilizoea. Kazi ya Vuai ilikuwa uwakala wa mizigo, lakini pale Xiaobei, mtaa wa Waafrika, watu walimjua zaidi kwa mdomo wake. Kila Ijumaa baada ya sala alijirekodi kwenye simu akitoa maoni juu ya nyimbo mpya, akayatuma kwenye magrupu, na yakasikilizwa kuanzia Guangzhou mpaka Mombasa, Dar na Unguja. Alidai kwamba sikio lake halijapata kudanganywa. Watu walimsikiliza kwa sababu alichekesha, na dharau huchekesha maadamu haijakufikia wewe.

Juu ya kijana mmoja wa bongo fleva alisema: "Sauti yake ameirekebisha kwenye kompyuta mpaka imebaki kompyuta peke yake." Vijana wa Nairobi aliwaambia wanapiga kelele kama watu waliopotelewa na funguo. Taarabu ya siku hizi ndiyo aliyoichukia kwa moyo wote. "Zamani mtu alipigwa fumbo, akalala, akaamka, ndiyo akajua kumbe jana alitukanwa. Siku hizi anatajwa mpaka rangi ya pazia lake." Na bibi mmoja wa Unguja, Bimkubwa, mwimbaji wa kikundi cha akina mama aliyekuja Guangzhou mara kwa mara kununua vitambaa vya mabaibui, Vuai alimwambia mbele ya watu wote hao kwamba sauti yake ni mlango wa banda la mbuzi.

Yeye mwenyewe hakujua kupiga hata sufuria. Siku ya arusi yake alipiga makofi nje ya mdundo mpaka dada zake wakamshika mikono.

Basi Ijumaa iliyotangulia siku ile ya viazi, Vuai alikuwa amesikiliza nyimbo nyingi alizotumiwa, na hakuna hata mmoja aliomaliza. "Wanadamu wameishiwa," alisema kwenye simu. "Atakayenipa wimbo mmoja wa kweli, awe mtu, awe jini, nitamsifu mpaka pumzi yangu ya mwisho." Watu walituma vicheko. Najat hakucheka. Kwao alifundishwa kwamba wale hawaitwi kwa mzaha, kwa sababu wao hawajui mzaha, na wakiitwa huitika.

Sasa Vuai alikuwa amepata wimbo wake. Alitembea nyumbani kama bwana arusi. Ijumaa ilipofika aliwaambia wasikilizaji wake kwamba wakae vizuri, wazime majiko, wawalaze watoto, kisha akaweka simu karibu na spika iliyozimwa, akarekodi, akatuma.

Wa kwanza kupiga simu alikuwa Dullah, mshirika wake wa mizigo, mtu wa Dar, mpole, asiyependa ugomvi na yeyote.

"Kaka, naona wimbo haujaenda. Muda wote ule nasikia unahema tu."

"Umesikiliza mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho. Unahema, halafu unalia kidogo."

"Dullah, wewe una masikio ya kuku," akasema Vuai, akakata simu.

Wengine nao walisema hivyohivyo. Wengine walidhani ni kejeli mpya, kwamba maana yake ni kuwa kimya ni bora kuliko nyimbo zao, na wakamsifu kwa akili. Hilo lilimkasirisha zaidi. Aliwatukana mmoja mmoja. Akasema ameishi na viziwi maisha yake yote na hakuna aliyemwambia.

Tangu hapo mambo yaliharibika. Kwanza Vuai hakuweza kuvumilia wimbo mwingine wowote. Kwenye mkahawa alimwamuru mwenyewe azime redio. Yule laoban wa Kichina, tajiri wa mkahawa aliyemkaribisha kila siku kwa jina, alicheka akidhani ni utani, na Vuai akaimwagia chai redio ile. Nyimbo alizozipenda tangu utotoni, za kanda za baba yake, alizisikiliza moja moja akitikisa kichwa, kisha akazifuta zote. "Nilikuwa mtoto," alisema. "Mtoto hula hata udongo." Halafu yakafuata mazungumzo. Alikunja uso watu wakiongea. Najat akimwambia chakula tayari, alifumba macho kama anayepakwa dawa kwenye kidonda. Usiku alilala kimya, lakini mchana kutwa alikuwa kwenye marobota, shingo imeinama upande wa spika, na harufu ile ya asumini zilizovunda ikatoka chumbani, ikafika jikoni, ikaingia mpaka kwenye mkate.

Mama yake alipiga simu kutoka Unguja, na Najat akaiweka sauti ya nje ili wote wasikie, akitumaini kwamba sauti ya mzazi itamrudisha mtu.

"Vuai, mwanangu, hujambo? Mbona kimya?"

Vuai alisubiri mpaka mama alipomaliza, kisha akasema taratibu, bila hasira yoyote: "Mama, sauti yako inakwaruza. Imekwaruza tangu nilipozaliwa. Nilikuwa sina cha kulinganisha tu. Usinipigie tena."

Kisha mama akasema, "Najat. Najat mwanangu, upo hapo? Nani huyo aliyeshika simu ya Vuai?"

Najat aliichukua simu akatoka nayo kibarazani. Mama hakukosea. Yeye, Najat, ndiye aliyekuwa amelala na sauti ile kitanda kimoja bila kuuliza ni ya nani.

Alimsomea Vuai maji, akayanyunyiza mlangoni na kwenye marobota. Dullah alimleta mtu mwema kutoka msikitini, naye akasoma kwa muda mrefu, na Vuai akatulia, akala, akalala kama mtoto. Wakamshukuru Mungu. Kesho yake Najat alikwenda soko la nguo la Shahe kuchukua nguo za mteja, na aliporudi adhuhuri alimkuta mumewe mbele ya kioo, ameshika kile kijiti cha chuma cha kuchokolea masikio kinachouzwa kila kona ya mji, na damu nyembamba ikimteremka shingoni mpaka kwenye ukosi wa kanzu.

"Unafanya nini?" Hakupaza sauti. Alihofia mkono ule usije ukashtuka.

"Ule wimbo hauingii kwa masikio," alisema Vuai. Alizungumza kwa furaha, kama mtu aliyegundua njia ya mkato. "Ndiyo maana nyie hamuusikii. Masikio yanaingiza takataka tu: wewe, magari, Dullah, watu. Nikiyatoboa yote mawili utabaki wenyewe."

Najat aliweka mifuko chini. Miguu ilimtaka akimbie, lakini ulimi ukamsaidia. "Sasa utatoboaje sikio usiloliona? Utakwenda kombo ujiumize bure. Nipe mimi. Ngoja nilete kitambaa safi."

Vuai alifikiri, akaona maneno yana maana, akampa kijiti. Najat alikwenda nacho jikoni, akakitupa nje kwa dirisha linalotazama uwazi wa katikati ya jengo, akajifungia, akampigia Dullah aje kumshika, kisha akampigia Bimkubwa, aliyekuwa amefikia hoteli ya pili kutoka pale.

Alijua anachoomba ni aibu. Lakini alijua pia kwamba marehemu mama yake Bimkubwa alikuwa fundi wa kupunga pepo, na kwamba Bimkubwa alikua akimshikia chetezo.

"Huyo mumeo," akasema Bimkubwa baada ya kusikia yote, "si ndiye aliyesema mimi ni mlango wa banda la mbuzi?"

"Ndiye, bibi yangu. Nakuomba radhi kwa niaba yake."

Bimkubwa akaguna. "Hakukosea sana. Ila mlango huo ndio ulionilisha. Nakuja."

Alifika na mkoba wake wa mkononi, ndani yake ubani na udi. Alitazama dari kwanza. Akakivika mfuko wa plastiki kile kidude cha kunusa moshi, maana kikilia jengo zima litateremka, kisha akawasha makaa kwenye kikaango cha Najat. Ndoo ya kufulia akaifanya ngoma. Dullah alimkalisha Vuai katikati ya chumba, akamshika mabega kwa nyuma. Jua la alasiri lilikuwa limejaa dirishani. Hakuna giza la kujificha mtu wala kitu.

"Wewe uliyekaa kwenye kiti cha mwenyewe," akasema Bimkubwa, "nani wewe?"

"Mimi nani hakukuhusu," ikajibu sauti. "Imba nikupime."

Dullah alikuwa nyuma hakuona, lakini Najat aliona. Midomo ya Vuai ilichelewa. Maneno yalitoka kwanza, kisha midomo ikayafuata, kama mtu anayeigiza wimbo wa mwingine.

Bimkubwa aliipiga ndoo, akaimba ngoma ya pepo wa pwani. Alipofika katikati ile sauti ikamkata. "Mkono mzito." Akabadilisha, akapiga ya pepo wa bara. "Unapumua mahali pabaya. Aliyekufunza alikuwa na haraka ya kwenda sokoni." Akapiga nyingine, ya zamani sana, aliyofundishwa na mama yake. "Hiyo umeitia sukari. Mamako naye alikuwa akiitia sukari. Nilikuwepo."

Bimkubwa akaacha kupiga. Akaiweka ndoo kando. Alimpa Dullah ishara asimwachie Vuai, akamvuta Najat karibu na Dullah, akawanong'oneza masikioni.

"Pepo wote niliopata kuwaona wanataka kitu. Mmoja anataka nguo, mwingine mbuzi, mwingine achezewe ngoma yake. Huyu hataki kuimbiwa. Anataka kuimba yeye. Mumeo alimwahidi sifa, na sifa ndiyo chakula chake. Sasa nitamwacha aimbe, na nyote mtamsikia. Mtu asimsifu. Si kwa mdomo, si kwa chozi, si kwa kutikisa kichwa."

"Nikishindwa je?" akauliza Dullah.

"Atahamia kwako."

Kisha akarudi kwenye mkeka, akakunja miguu, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kungoja zamu yake: "Haya, bwana mkubwa. Imba tukusikie."

Na wimbo ukaanza. Haukutoka kinywani mwa Vuai wala kwenye spika, ulikuwa tayari umo chumbani kama joto lilivyokuwamo, na Dullah, ambaye hakuwa mtu wa kulia, alijikuta ameng'ata mkono wa shati lake kwa nguvu mpaka taya zikamuuma, kwa sababu ndani ya wimbo ule alisikia mlango wa nyumba waliyopanga zamani ukifunguliwa na mdogo wake aliyekufa akiingia salama, akivua viatu, akiuliza chakula, na alitaka kwa moyo wake wote kusema neno moja tu, ahsante, neno dogo ambalo mtu humwambia hata muuza maji. Na Najat, aliyeishi miaka yote akiona muziki ni fujo ya watu wasio na kazi, ambaye arusini alicheza kwa sababu wengine wanacheza, alielewa kwa mara ya kwanza watu walikuwa wakililia nini, akaelewa kwamba yeye si kiziwi, ni kwamba hakuwa amepata kuimbiwa, na kitu kikamfunguka kifuani taratibu kama fundo la kamba iliyolowa, akakaza macho kwenye kikaango, akahesabu makaa, akayahesabu tena, huku wimbo ukimzunguka na kumwita kwa jina ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwita, na harufu ya asumini ikawa mbichi, ikawa nzuri.

Ukaisha. Vuai alikuwa amefumba macho, uso umeinuliwa, anangoja.

Bimkubwa akapiga mwayo. Ulikuwa mwayo mrefu, wa mdomo wazi. "Najat, mwanangu," akasema, "yule laoban wa Shahe anayeuza vile vitambaa vyeusi vizito, kesho anafungua?"

"Nilipita leo. Aliniambia meiyou. Vimekwisha, mpaka wiki ijayo."

"Basi nitachukua vile vyepesi. Vinateleza, lakini vijana wanavipenda."

Wimbo ukaanza tena. Safari hii ulikuja kwa nguvu, mtamu kupita kiasi, ukitoa yote uliyonayo, na vioo vya dirisha vikatetemeka kwenye fremu zake. Bimkubwa aliendelea kuzungumza juu ya vitambaa, rangi inayochuja na isiyochuja, lakini Najat aliona kucha za yule bibi zimezama kwenye nyama ya paja lake, na pale zilipozama baibui likawa linalowa.

Wimbo ukakatika katikati. "Kwani hamkusikia?" ikauliza sauti. Kwa mara ya kwanza ilikuwa na wasiwasi.

"Tumesikia," akasema Bimkubwa. "Hoteli niliyofikia wanapiga kama huo kwenye lifti."

Kisha uso wa Vuai ukajikunja kwa karaha kubwa, karaha ambayo hata yeye, pamoja na Ijumaa zake zote, hakuwahi kuifikia.

"Mimi sikai na washamba," ikasema sauti, na safari hii midomo haikuifuata kabisa.

Mfuko wa plastiki ulipasuka darini. Kengele ya moto ikalia. Milango ya majirani ikafunguliwa, watu wakakimbilia ngazi, mlinzi akaja akipiga mlango na kufoka kwa Kichina, na Vuai akaanguka mbele, paji la uso kwenye mkeka, akasema kwa sauti yake mwenyewe, ya puani kidogo: "Nani anapiga kelele hizo?"

Dullah ndipo akalia. Alilia bila kujizuia, na Bimkubwa akamwachia alie, kwa kuwa sasa hapakuwa na wa kudhani anasifiwa.

Vuai alipona. Sikio lililochomwa lilifungwa bandeji, likapona pia. Alimpigia mama yake, na mama hakumkubali mpaka alipomtajia jina alilokuwa akimwita alipokuwa mtoto. Ndipo wakazungumza mpaka simu ikapata moto. Alimwomba radhi Bimkubwa, naye akamwambia asiifanye tabia, hakuzoea kuombwa radhi na wanaume.

Lakini muziki ulikuwa umemwacha. Ukimpigia wimbo, alisikia maneno, alisikia kitu kinagongwa, alisikia waya unakwaruzwa. Wimbo wenyewe hakuusikia. Ukiwa mzuri au mbaya, kwake ulikuwa kama fundi anayejenga ukuta nyumba ya tatu. Ijumaa ilipofika na magrupu yakamwuliza maoni yake, aliandika kwamba hana. Waimbaji walioumizwa naye walisema Mungu ni mkubwa. Hakuwajibu. Alipakia mizigo yake, akasali, akala alichopewa, na alikuwa mpole kuliko mwanamume yeyote wa Xiaobei.

Vitambaa vilipopatikana, Bimkubwa alifungasha arudi Unguja. Najat alimsindikiza mpaka kwenye lifti.

"Sikukuuliza siku ile," akasema Bimkubwa. "Dullah nilimwona alivyoteseka. Wewe ulivumilia vipi?"

"Mimi muziki haujawahi kuniingia, bibi yangu."

Bimkubwa alimtazama. Alifungua mdomo kama anayetaka kuuliza la pili, lakini lifti ikafika, mizigo ilikuwa mingi, na watu wa ndani walikuwa wanangoja.

Haikupita muda mrefu baada ya safari hiyo. Ilikuwa mchana. Vuai alikuwa kitini akifunga robota kwa utepe wa gundi, na Najat ameketi karibu na dirisha na sinia, anachagua mchele. Vuai akaacha kazi. Kulikuwa na kitu chumbani ambacho hakikuwa kugongwa wala kukwaruzwa. Kilipanda, kikageuka, kikashuka polepole, na mwili wake wote ukakitambua kabla yeye hajakitambua. Najat alikuwa ameinamisha kichwa, midomo imefungwa, vidole vinatenga chuya.

"Unaimba nini?" akauliza Vuai.

"Siimbi. Nachagua mchele."

Simu ilikuwa mezani, na namba ya Bimkubwa ilikuwemo. Vuai aliitazama. Alijua vizuri anachopaswa kufanya, na mkono wake ukaanza kuifuata. Lakini sauti ile ikapanda tena, ikafika mahali palipokuwa pamekufa ndani yake, ikapahuisha, na mkono ukasita, ukarudi, ukatulia mapajani. Aliteremka kwenye kiti akakaa sakafuni, mgongo kwenye robota.

"Tamu," akasema.

"Najua," akajibu Najat, bila kugeuka.